Kigugumizi: Dalili Zake, Chanzo Chake na Namna ya Kumsaidia Mwenye Nacho

Kigugumizi ni hali ya usemi kukatikakatika pasipo mwenyewe kutaka. Msemaji anajua fika anachotaka kusema na maneno anayo kichwani, lakini mtiririko wa sauti unakwama njiani: silabi inajirudia, sauti inavutika, au mdomo unajipanga kutamka na sauti isitoke. Hali hii imeonekana katika lugha na mataifa yote. Kati ya watoto 100, watano au zaidi hupitia kipindi cha kigugumizi. Wengi wao huacha wakiwa bado wadogo, na miongoni mwa watu wazima hubaki nacho takriban mtu mmoja katika kila 100. Dunia nzima, wenye kigugumizi hukadiriwa kufikia milioni 70.

Kigugumizi si kipimo cha akili, wala hakitokani na woga au malezi mabaya. Kitembe ni jambo jingine: mwenye kitembe hushindwa kuitamka sauti fulani sawasawa, kwa mfano sauti ya s, na hushindwa vilevile kila anapoitamka. Mwenye kigugumizi anaweza kutamka sauti zote za lugha yake. Neno lililomkwamisha asubuhi huenda likamtoka jioni bila shida yoyote. Hali hii ya kuja na kuondoka ndiyo huwafanya watu wadhani kwamba anajifanyisha, au kwamba angejitahidi kidogo tu angesema vizuri.

Dalili zinazosikika

Wataalamu wa tiba ya usemi hugawa dalili za msingi katika mafungu matatu. La kwanza ni kurudia. Mtoto anayetaka maji husema “ma-ma-ma-maji”, au “ni-ni-ni-nipe”. Kinachorudiwa ni sauti moja, silabi moja au neno fupi sana kama “na” na “ya”.

Fungu la pili ni kuvuta sauti, kama katika “ssssasa” au “mmmmimi”. Sauti zinazoweza kuvutwa ni zile ambazo pumzi haizibwi kabisa wakati wa kuzitamka, kama s, f, sh, m na n. Sauti kama p, t na k, ambazo huzaliwa pumzi inapozibwa kisha kuachiwa ghafla, hazivutiki. Hizo hurudiwa au hukwama.

Kukwama ndiko fungu la tatu, na ndilo wasikilizaji wengi wasilolitambua kuwa ni kigugumizi. Midomo imeshika umbo la neno, shingo imekaza, nyuzi za sauti zimebana, na hakuna kinachosikika. Kimya hicho huchukua sekunde moja au mbili, mara nyingine zaidi. Asiyejua hudhani msemaji amesahau, anatunga uongo, au amemaliza kusema. Hapo humkatiza na kuendelea na yake.

Mara nyingi mkwamo hutokea mwanzoni mwa neno na mwanzoni mwa sentensi, na sentensi ndefu huleta taabu kuliko fupi. Katika Kiswahili, ambako kitenzi hutanguliwa na viambishi, mtu anaweza kukwama kwenye “ni-” au “tu-” kabla hata kiini cha kitenzi hakijafikiwa.

Usemi wa kila mtu una visimamo vyake. Msemaji wa kawaida hutafuta neno kwa “eee”, huingiza “yaani” na “nanii”, hurudia kipande cha sentensi, au huacha sentensi katikati na kuanza nyingine. Hayo si kigugumizi. Tofauti iko katika mambo matatu: kinachorudiwa ni kipande cha neno au neno fupi sana, na si fungu la maneno, kunakuwa na mkazo wa misuli, na msemaji mwenyewe huhisi kwamba ulimi umemponyoka, yaani kwa muda mfupi hana mamlaka juu ya kinywa chake.

Dalili zinazoonekana mwilini

Juu ya dalili za msingi huota nyingine, ambazo mtu hakuzaliwa nazo bali amejifunza akipambana na mkwamo. Kuna anayepepesa macho au kuyafumba kabisa, anayetikisa kichwa, anayepiga paja kwa kiganja, anayekanyaga chini kwa kishindo, au ambaye taya humtetemeka. Wengine huvuta pumzi kwa ghafla, na wengine husema hewa ikiwa imekwisha kifuani.

Namna dalili hizi zinavyozaliwa inaeleweka. Siku moja mtu aliyekwama anapiga paja, na neno linatoka. Huenda lilikuwa litoke tu, lakini ubongo unaunganisha mambo hayo mawili, na mara nyingine mkono unapiga paja wenyewe. Baada ya muda pigo linapoteza nguvu. Neno linakwama vilevile na mazoea ya kupiga paja yamebaki, kwa hiyo linaongezwa tendo jingine. Ndiyo sababu mtu mzima aliyeishi na kigugumizi miaka mingi huweza kuwa na miondoko mingi ambayo mtoto wa miaka mitatu hana hata mmoja.

Dalili zisizosikika

Mwaka 1970 Joseph Sheehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alikilinganisha na mlima wa barafu unaoelea baharini: kinachosikika ni kilele kilicho juu ya maji, na sehemu kubwa imezama. Iliyozama ni hofu, aibu, na hila za kila siku za kukwepa kukwama.

Hila ya kwanza ni kubadili maneno. Anayeona neno “daladala” linamjia vibaya husema “gari”. Aliyetaka kuagiza chapati huagiza mkate, kwa kuwa ndilo neno linalotoka. Wapo walio hodari wa kubadili hivi hata wake zao, waume zao na wenzao kazini hawajui kama wana kigugumizi. Kwa nje usemi wao ni mzuri. Ndani, kila sentensi inapimwa kabla haijatoka. Kuna pia anayenyamaza darasani ilhali jibu analijua, anayempa mwingine simu apige kwa niaba yake, na anayeiacha kazi ya ualimu au uwakili aliyoitamani.

Yapo maneno ambayo hayana badala, na hayo ndiyo magumu kuliko yote. Jina la mtu mwenyewe ni la kwanza: akiulizwa jina lake hawezi kutaja jingine, na akikwama huchekwa kwamba amelisahau. Katika jamii za Waswahili, salamu nayo ni ya aina hiyo. Mtoto anayekutana na mzee hana budi kusema “shikamoo”, na kuisema mara moja. Akikwama, kimya chake huhesabiwa kuwa utovu wa adabu, na lawama huwafikia hata wazazi. Abiria anayepaswa kumwambia kondakta “shusha” kabla kituo hakijapita hupitishwa, kisha hurudi kwa miguu.

Uzito wa kigugumizi, kwa hiyo, haupimwi kwa kuhesabu silabi zilizorudiwa tu. Mtu anayekwama mara nyingi lakini husema kila analotaka huenda anaishi kwa nafuu kuliko anayekwama mara chache kwa sababu amejinyima maneno na nafasi nyingi.

Kupanda na kushuka kwa kigugumizi

Karibu kila mwenye kigugumizi ana mahali ambapo hakwami. Wengi huimba bila kukwama hata kidogo. Wengi hawakwami wakisema peke yao, wakizungumza na mtoto mchanga au mnyama, wakinong’ona, au wakisema kwa kufuata mdundo. Usomaji wa pamoja huleta nafuu kubwa zaidi: watu wawili wakisoma maandishi yale yale kwa sauti moja, kigugumizi mara nyingi hutoweka papo hapo. Kwa sababu hiyo, katika shule ambazo darasa zima huitikia na kusoma kwa pamoja, mtoto anaweza kupita bila kutambuliwa mpaka siku anapoambiwa asimame asome peke yake.

Yapo pia mazingira yanayoongeza mkwamo: simu, ambako uso hauonekani na kimya hueleweka kwamba laini imekatika, usaili wa kazi, kusema mbele ya mkubwa, kusema kwa haraka, na kusema na mtu anayeonyesha kwamba hana muda. Uchovu na msisimko, hata ule wa furaha, huweza kuongeza. Hofu inachochea kigugumizi kilichopo, lakini si mzizi wake. Wengi wenye hofu kubwa hawana kigugumizi, na mwenye kigugumizi huweza kukwama akiwa ametulia nyumbani kwake.

Kinavyoanza utotoni

Katika walio wengi kigugumizi huanza kati ya miaka miwili na mitano, wakati mtoto anapotoka kwenye maneno mawili mawili na kuanza kuunga sentensi ndefu. Huweza kuingia polepole, au ghafla kiasi kwamba mzazi anaikumbuka wiki yenyewe. Kikianza ghafla, familia hukihusisha na jambo lililotokea karibu na hapo: mtoto alianguka, alitishwa na mbwa, alizaliwa mdogo wake. Mara nyingi ni sadfa tu ya wakati.

Kati ya watoto wanaoanza, takriban robo tatu au zaidi huacha ndani ya miaka michache, wengine bila tiba yoyote. Hakuna kipimo kinachoweza kusema kwa uhakika nani ataacha, lakini zipo ishara za kuangaliwa. Hatari ya kuendelea ni kubwa zaidi kwa mtoto wa kiume. Kwa mwenye ndugu ambaye kigugumizi chake hakikuisha. Kwa aliyeanza akiwa amekaribia au kupita miaka minne. Na kwa ambaye hali imedumu zaidi ya mwaka bila kupungua. Mwanzoni uwiano wa wavulana na wasichana hauko mbali sana, wavulana wakiwa karibu maradufu. Kwa kuwa wasichana wengi huacha, ukubwani wanaume hufikia takriban wanne kwa kila mwanamke mmoja.

Watoto wengi wa Afrika Mashariki hukua na lugha mbili au tatu: Kihaya au Kikamba kwa bibi, Kiswahili mtaani, Kiingereza shuleni. Wingi wa lugha hauleti kigugumizi, na hakuna haja ya kumnyima mtoto lugha ya nyumbani ili apone. Mwenye kigugumizi kwa kawaida hukwama katika lugha zake zote, ingawa katika mojawapo anaweza kukwama zaidi.

Karne nyingi za kubahatisha chanzo

Kigugumizi kimetajwa tangu kale. Plutarch aliandika kwamba Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athene katika karne ya nne kabla ya Kristo, alijizoeza kusema akiwa na vijiwe kinywani ili kushinda kasoro ya usemi wake. Kitabu cha Kutoka katika Biblia na Sura ya Taha katika Kurani vinasimulia uzito wa ulimi wa Musa, na jinsi Haruni alivyowekwa kuwa msaidizi wake. Wafasiri wametofautiana kama ulikuwa kigugumizi au jambo jingine.

Kwa muda mrefu lawama ilibebeshwa ulimi. Mwaka 1841 Johann Friedrich Dieffenbach, daktari mpasuaji wa Berlin, aliwakata wagonjwa kipande cha ulimi karibu na shina lake, miaka mitano kabla ya dawa ya usingizi kuanza kutumika rasmi katika upasuaji. Upasuaji huo haukuponya kigugumizi, na baada ya muda uliachwa. Hata leo zipo familia zinazompeleka mtoto akakatwe utando unaoshikilia ulimi upande wa chini, au kimeo, kwa matumaini hayo hayo. Ulimi wa mwenye kigugumizi hauna kasoro. Kuukata ni kumtia mtoto katika hatari ya kuvuja damu na maambukizi bila faida yoyote ya usemi.

Baadaye lawama ilihamia kwa wazazi. Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, naye akiwa na kigugumizi, alishikilia kwamba hali hiyo huzaliwa masikioni mwa mzazi: mtoto anasema kama watoto wengine, mzazi anamwambia ana kigugumizi, na mtoto anaanza kujiogopa. Mwaka 1939 mwanafunzi wake, Mary Tudor, alifanya jaribio kwa watoto 22 wa nyumba ya yatima katika mji wa Davenport. Baadhi ya watoto waliosema vizuri waliambiwa tena na tena kwamba usemi wao ni mbovu. Hawakugeuka kuwa na kigugumizi, lakini walianza kuona haya na kusita kusema, na baadhi walibaki na jeraha hilo. Jaribio lilikaa kimya kwa miongo kadhaa. Lilipofichuliwa mwaka 2001, chuo kikuu kiliomba radhi hadharani. Nadharia ya kwamba mzazi ndiye chanzo haikuthibitika, ila jaribio hilo lilionyesha madhara ya kumkosoa mtoto kila anapofungua kinywa.

Imani nyingine zinaendelea mitaani: kwamba mtoto aliyetekenywa sana akiwa mchanga hupata kigugumizi, kwamba anayemwiga mwenye nacho huambukizwa, au kwamba mtoto wa mkono wa kushoto akilazimishwa kutumia wa kulia ulimi utafunga. Hakuna hata moja iliyothibitishwa.

Kinachojulikana sasa

Kigugumizi hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Pacha wa kufanana huwa na hali hii wote wawili mara nyingi zaidi kuliko pacha wasiofanana, na wengi wenye kigugumizi wana ndugu wa damu mwenye nacho. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Dennis Drayna wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakianzia na koo za Pakistan ambazo watu wengi wana kigugumizi, walitambua mabadiliko katika jeni tatu: GNPTAB, GNPTG na NAGPA. Jeni hizo zinahusika na namna seli inavyovunja na kutumia tena taka zake. Panya waliowekewa badiliko kama hilo la GNPTAB walitoa milio yenye mapumziko marefu kuliko wenzao. Hata hivyo, jeni hizo zinaeleza sehemu ndogo tu ya visa vyote. Nyingine nyingi zina mchango mdogo mdogo, na hakuna jeni moja inayoweza kuitwa ya kigugumizi.

Picha za ubongo zimeonyesha panapokwama. Kusema kunahitaji misuli ya kifua, koo, taya, ulimi na midomo ipokezane kazi kwa vipande vidogo vya sekunde, kwa mwendo wa silabi nne hadi sita hivi kila sekunde. Kwa watu wengi kazi hiyo husimamiwa hasa na upande wa kushoto wa ubongo. Kwa wenye kigugumizi, nyuzi za neva zinazounganisha maeneo ya kusikia, kupanga na kutekeleza usemi upande huo zimeonekana kuwa na muunganiko hafifu, na maeneo ya upande wa kulia hufanya kazi kupita kawaida. Sehemu za ndani zinazotoa ishara ya kuanza na kufuatisha miondoko nazo zinahusika. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mdundo, uimbaji na kusoma kwa pamoja husaidia: ishara ya wakati wa kuanza silabi inayofuata inatoka nje, na ubongo hauhitaji kuizalisha peke yake.

Hayo yote yanahusu kigugumizi cha utotoni, ambacho ndicho cha kawaida. Mtu mzima asiyewahi kuwa nacho akianza ghafla kukwama anapaswa kwenda hospitali mara moja, kwa kuwa kiharusi, jeraha la kichwa, ugonjwa wa Parkinson au baadhi ya dawa huweza kuleta hali inayofanana. Mara chache huzuka baada ya mshtuko mkubwa wa nafsi.

Tiba kwa watoto na watu wazima

Kwa watoto wadogo tiba hupitia kwa mzazi. Mpango wa Lidcombe, ulioitwa hivyo kwa kitongoji cha Sydney, Australia, ulikobuniwa, hutumika hasa kwa walio chini ya miaka sita. Mzazi huzungumza na mtoto kila siku kwa muda mfupi uliopangwa. Mtoto akisema bila kukwama husifiwa kwa upole, na mara chache mkwamo hutajwa bila kulaumu. Kila siku mzazi huandika alama ya uzito wa kigugumizi, na mtaalamu huipitia kila wiki. Njia nyingine, iliyoendelezwa katika Kituo cha Michael Palin huko London, haigusi maneno ya mtoto moja kwa moja. Mzazi huonyeshwa namna ya kupunguza mwendo wake mwenyewe wa kusema, kusubiri kidogo kabla ya kujibu, na kumtengea mtoto dakika chache ambazo hakuna anayemkatiza.

Kwa wakubwa kuna mikondo miwili mikuu. Wa kwanza hufundisha kusema kwa namna itakayopunguza mkwamo: kuanza sauti taratibu, kugusanisha midomo na ulimi kwa wepesi, kurefusha irabu, kisha kuongeza mwendo hatua kwa hatua. Wa pili hauanzi kwa kukimbiza kigugumizi, bali hufundisha kukwama bila kupigana. Muasisi wake, Charles Van Riper wa Michigan (1905–1994), aliishi na kigugumizi maisha yake yote. Aliwafundisha wagonjwa wasimame baada ya neno lililokwama na kulisema upya kwa ulaini. Kisha wajinasue wakiwa katikati ya mkwamo. Mwishowe waliendee neno wanaloliogopa wakiwa wamelegeza misuli. Wengine huhimizwa hata kukwama kwa makusudi sokoni au kwenye simu, ili hofu ipungue makali. Wataalamu wengi leo huchanganya mikondo hiyo na kuongeza tiba ya kisaikolojia inayoshughulikia fikra za hofu.

Vipo vifaa vinavyomrudishia msemaji sauti yake sikioni kwa kuchelewa kidogo. Huwasaidia baadhi ya watu, na kwa wengi nafuu hupungua kadiri wanavyovizoea. Hakuna dawa ya kumeza iliyoidhinishwa mahususi kwa kigugumizi. Dawa zinazopunguza nguvu ya dopamini ubongoni zimeonyesha nafuu kwa baadhi, lakini madhara yake huwafanya wengi waziache.

Mfalme George VI wa Uingereza, ambaye sura yake ilikuwa kwenye shilingi ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, alianza kufundishwa kusema na Mwaustralia Lionel Logue mwaka 1926. Kigugumizi chake hakikuisha. Tarehe 3 Septemba 1939, alipolitangazia taifa kwa redio kwamba vita vimeanza, alisema polepole na kwa mapumziko mengi, na ujumbe ulifika. James Earl Jones, Mmarekani aliyempa Mufasa sauti katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, alikaa miaka kadhaa ya utoto wake akiwa karibu bubu kwa kuogopa kukwama, mpaka mwalimu wake alipogundua kwamba anaandika mashairi na kumtaka ayasome mbele ya darasa. Kwa wote wawili mafanikio yalikuwa kurudishiwa nafasi ya kusema, ilhali kigugumizi kilibaki nao.

Wajibu wa msikilizaji

Ushauri unaotolewa mara nyingi ndio usiosaidia. “Tulia”, “vuta pumzi”, “anza upya” na “sema polepole” humjulisha mwenye kigugumizi kwamba kinachosikilizwa ni namna anavyosema na si anachosema. Kummalizia neno kunaonekana kama msaada, lakini humnyang’anya sentensi yake, na mara nyingi neno linalobahatishwa si lenyewe. Kinachofaa ni kusubiri, kumwangalia kama anavyoangaliwa mtu mwingine yeyote, na kujibu hoja yake. Mtoto asikatazwe kukitaja kigugumizi chake. Kukifanya siri humfundisha kwamba ni aibu.

Shuleni, mwalimu anaweza kuzungumza na mwanafunzi faraghani na kumuuliza angependa asaidiwe vipi. Kumwita mapema wakati wa mahudhurio au kusoma kwa zamu kunampunguzia kule kungoja ambako ndiko hupandisha hofu. Kumruka kabisa kunamwambia kwamba sauti yake haihitajiki. Kejeli za wenzake zizuiwe kama uonevu mwingine wowote. Katika usaili wa kazi, muda wa nyongeza unatosha mara nyingi, kwa kuwa kasi ya kusema haionyeshi uwezo wa kufanya kazi.

Wakati wa kutafuta mtaalamu

Mtoto apelekwe kwa mtaalamu ikiwa kigugumizi kimedumu zaidi ya miezi sita, ikiwa sauti zinavutika au kukwama badala ya kurudiwa kwa wepesi, ikiwa uso na shingo vinakaza, ikiwa ameanza kukwepa maneno au kunyamaza, au ikiwa katika ukoo wapo watu wazima wenye kigugumizi. Kusubiri kwa matumaini kwamba ataacha kunaeleweka katika miezi ya mwanzo. Baada ya hapo, muda unaopotea ni ule ambao tiba hufanya kazi vizuri zaidi, kabla ya umri wa kuanza shule. Mtu mzima naye hajachelewa, ingawa kwake lengo mara nyingi ni kusema kwa wepesi na bila kujificha kuliko kufuta kila mkwamo.

Wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kimekuwa kikifundisha taaluma hii kwa ngazi ya shahada, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nchini Tanzania nacho kimeanzisha mafunzo ya kusikia na usemi. Hospitali kubwa za rufaa, hasa zenye kliniki za masikio, pua na koo, ndizo mahali pa kuanzia kuulizia. Kwa walio mbali na miji, tiba kwa njia ya video imeonekana kuweza kutoa matokeo mazuri, na vikundi vya wenye kigugumizi wanaokutana ana kwa ana au kwa simu huwapa wanachama mahali pa kusema bila kuhimizwa wamalize upesi. Kila tarehe 22 Oktoba, tangu mwaka 1998, huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Kigugumizi, na shule au kituo cha redio kinaweza kuitumia siku hiyo kuwaeleza wasikilizaji wake hali hii ilivyo.